Sifuri Nilizoweka Mahali pa Nukta

Ufunguo wa kabati la chuma haugeuki mpaka uinue mlango kidogo kwa goti. Naanza na hilo kwa sababu nilisahau kuwaambia siku ya kuwakabidhi ofisi, na tangu hapo linanisumbua. Ninyi wawili mnaokaa sasa kwenye meza yangu ya takwimu za shule mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu tisa pale. Aya hii nimeiandika upya mara kumi na moja. Nina miaka thelathini na tatu. Kaka yangu anasema mtu wa umri huu hastaafu, hufukuzwa. Mimi sikufukuzwa, niliondoka mwenyewe, na sababu ni kosa langu moja ambalo lilikaribia kufunga darasa la sita la shule moja ya mtaa wa Kasulo. Kwenye faili kosa hilo lina mistari mitatu. Hapa nitaliandika lote.

Nilipofika ofisini Dilala, hapa Kolwezi, sikuwa na chuo. Nilikuwa na diploma ya sekondari na simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo nilijifunzia kompyuta kwa kutazama masomo ya bure mpaka betri iishe. Kompyuta ya ofisi ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya harusi. Hakuna aliyeigusa. Siku ya kwanza nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikiogopa kuiwasha, nisije nikaonekana sijui kitu. Saa sita mtu aliniambia kwamba umeme haukuwepo tangu juzi.

Aliyeniambia ni Tata Kalonda, karani wa takwimu, mzee mwembamba aliyevaa koti hata mwezi wa kumi, joto likiwa kali. Yeye alifanya kila kitu kwa mkono. Kila mwaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi yalipita mezani kwake, shule kwa shule, mtoto kwa mtoto, naye akayaandika kwenye madaftari makubwa kwa kalamu ya risasi kwanza, kisha kwa wino. Alikuwa na rula ya bati iliyokatwa zamani kwenye karakana ya mgodi, na kifutio alichokigawa vipande viwili kwa wembe. Kipande kimoja kilikaa mezani, cheusi kwa kazi. Kingine alikiweka kwenye mfuko wa shati.

Mtihani wake kwangu ulikuwa safu ya namba arobaini.

"Jumulisha toka juu," akasema, "kisha toka chini. Kama majibu inafanana, uko sawa. Ao umekosa mara mbili na akili yote."

Nilijumlisha mara sita. Alinitazama akacheka. "We mutoto, utachoka mbele ya miaka yako."

Katika madaftari yake niliona visanduku ambavyo havikuwa na namba. Ndani yake kulikuwa na nukta ndogo ya kalamu ya risasi, safi, katikati kabisa.

"Hii nukta iko nini, Tata?"

"Iko mutoto."

"Mutoto gani?"

"Njo ile hatuyue. Jina yake iko pa liste, kartasi yake haiko. Pengine aligonjwa. Pengine alihama. Pengine eko ku mugodi anaosha mawe. Unatia nukta, kisha unauliza."

Na kweli aliuliza. Kila mwaka, baada ya kufunga hesabu, aliandika majina ya nukta zote kwenye karatasi moja kwa kila shule, akapanda pikipiki ya taksi kuyapeleka kwa wakuu wa shule. Wengine walimjibu, wengine hawakumjibu. Jibu likija, alitoa kile kipande cha kifutio mfukoni, akafuta nukta, akaandika: alihama, anarudia, alifariki, amerudi. Nikamuuliza kwa nini hatumii kipande cha mezani. Akasema hicho ni cha makosa, na nukta si kosa.

Niliona ni mzee mwenye vituko. Naomba mlisome hilo kama lilivyo, sikulipamba.

Mwaka wa pili umeme ulikuja wa kutosha, nami nikaanza kuhamisha madaftari kwenye kompyuta. Wakati huo sikujua namna nyingine ya kujumlisha safu zaidi ya kuandika kisanduku hiki, alama ya kujumlisha, kisanduku kile. Palipokuwa na nukta, mashine ilikataa, ikaandika neno la kosa, na neno hilo likapanda mpaka juu likaharibu wastani wa shule nzima. Ukurasa wangu ukajaa makosa. Mimi ni mtu ambaye hupanga viatu vyangu vikitazama mlango. Siwezi kuishi na ukurasa kama ule. Basi nikaiamuru mashine ibadilishe kila nukta iwe sifuri. Kazi ilichukua muda wa kukohoa mara moja. Neno la kosa likatoweka, wastani zikajaa zote, na nikajisikia kama mtu aliyefagia nyumba.

Nikachapisha ukurasa nikampelekea Tata Kalonda. Akapitisha kidole safu kwa safu.

"Nukta zangu ziko wapi?"

"Nimezipanga, Tata. Sasa iko safi."

"Uliziweka wapi?"

"Niliweka sifuri."

Akavua miwani. "Sifuri iko jibu, mama. Nukta iko ulizo."

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na mimi nikajiambia kwamba ana wivu na mashine. Niliwaza hivyo kweli, nikamhurumia. Alipoondoka alituachia rula. Kile kipande cha mfukoni alikwenda nacho.

Miaka iliyofuata nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila jina lisilo na karatasi, mashine ililijaza sifuri yenyewe. Orodha yetu ya mwisho wa mwaka, palmarès, ambayo zamani ilikuwa karatasi za wino, sasa ilitoka na rangi: kijani kwa shule nzuri, njano kwa za katikati, nyekundu kwa zilizo chini. Tata Inspekta, mkuu wetu, aliipenda mpaka akaiweka kwenye fremu. Nikaongeza ukurasa wa pengo, yaani tofauti ya alama kati ya wasichana na wavulana, na kati ya mitaa na mitaa. Shule za Kapata, kule kwenye safu za nyumba za zamani za mgodi, zilikaa kijani. Shule ya Kasulo, mtaa ambao watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao, ilikaa nyekundu, na pengo lilizidi kukua. Katika mikutano watu walieleza pengo hilo bila shida.

"Batoto ya bachimbaji," mkuu mmoja wa shule alisema, "kichwa yabo iko mu shimo."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naandika ripoti, nikaitafuta namna ya heshima ya kuandika maneno hayo, nikaipata. Niliandika kwamba watoto wa maeneo ya uchimbaji wana uwezo mdogo wa kupokea masomo. Niliangalia mara tatu kama hakuna kosa la mkato.

Kisha ikaja kanuni mpya ofisini: shule itakayokaa nyekundu miaka mitatu mfululizo itafungiwa darasa la sita, na watoto watahamishiwa shule nyingine. Kwa watoto wa Kasulo, shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori ya madini. Kila mtu wa Kolwezi anaijua barabara ile. Mzazi mwenye akili hamwachi mtoto wa miaka kumi na moja aivuke peke yake mara mbili kwa siku. Kwa hiyo kufunga darasa kulimaanisha wengi kuacha masomo, na sisi tulilijua hilo, tukasema kanuni ni kanuni.

Mwaka wa tatu wa nyekundu, siku tatu kabla ya mkutano wa kutangaza orodha, mkuu wa shule ile alikuja ofisini. Mama Odile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto sabini. Alikuwa amebeba rejista yake kifuani ndani ya mfuko wa unga, kwa ajili ya vumbi.

"Mwanangu, uko na kazi mingi?"

"Iko, mama, lakini karibu."

"Nilikuya kuona batoto yangu saba."

"Batoto gani, mama?"

Akafungua nakala ya orodha niliyomtumia, akaweka kidole. "Hii saba. Sifuri ya Kifaransa, sifuri ya hesabu, sifuri ya yote. Mi nafundisha miaka makumi mbili. Niliona mutoto mwenye alipata mbili. Niliona mwenye alipata moja. Mwenye hayue kitu hata kidogo, sijamuona bado. Nionyeshe kartasi yabo, nione vile walikosa."

Sitawaficha, niliudhika. Nilidhani anatilia shaka usahihi wangu, na mimi nina kitu kimoja tu, usahihi. Nikainua mlango wa kabati kwa goti, nikatoa bunda la karatasi za majibu za shule yake, nikaanza kupekua ili nimwonyeshe. Nilipekua toka juu. Nikapekua toka chini. Majina yale saba hayakuwa na karatasi hata moja.

Nilikuwa nimekaa sakafuni. Nikatoa daftari la mwisho la Tata Kalonda, nikaona nukta zake, na miaka yote ikanijia kwa pamoja.

"Mama," nikasema, "hawakuandika mtihani."

"Najua hawakuandika! Huyu Mwadi, mama yake alimubeba ku mto kuosha mawe. Hawa mapacha, nyumba yabo ilichimbwa mpaka ikaanguka, bakahama. Nani anakuambia bakakaa mu mtihani bakaandika sifuri?"

"Mi."

"We?"

"Mi njo niliandika. Ni mi."

Aliketi kwenye kiti changu. Nilingoja anipigie kelele. Badala yake aliuliza kama kuna maji ya kunywa, nikamletea.

Nikamuuliza kwa nini hakuyafuta majina yale mapema, kabla ya orodha ya mtihani kuja kwetu. Nilijua tayari kwamba wengine hufanya hivyo. Nilijua na kunyamaza, kwa sababu orodha zao zilikuja safi.

"Benzangu banafutaka," akasema. "Mwezi ya mbili, mutoto akikosa wiki mbili, kalamu, basi. Asilimia yabo inapanda. Lakini mi nikifuta jina, nani atamutafuta?"

Mchana ule nilihesabu upya, mlango ukiwa umefungwa. Nilipotoa sifuri zangu, watoto wa Kasulo waliokaa kwenye mtihani walisimama bega kwa bega na wale wa Kapata. Pengo nililolichora kwa rangi miaka yote, sehemu yake kubwa niliitengeneza mwenyewe. Nililia kidogo. Halafu nikaona jambo la pili ambalo lilinitisha zaidi: nikitoa sifuri tu, wale saba wanatoweka kabisa. Shule inakuwa kijani, na watoto hawapo popote. Huo nao ulikuwa uongo, ila ulikuwa wa rangi nzuri.

Kesho yake nilikwenda Kapata kwa Tata Kalonda. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichuma sombe, majani ya muhogo, amevaa koti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchuma.

"Nilikungoya miaka mingi uniulize," akasema.

"Kwa nini haukuniambia, Tata?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unasikiliza mashine."

Nikamwambia mpango wangu: nirekebishe namba kimya kimya, niseme kompyuta ilikuwa na hitilafu. Darasa litaokoka na hakuna atakayejua. Alicheka mpaka akaweka sahani ya majani chini.

"Na mwaka kesho, kompyuta itagonjwa tena? Fifi, ukiwaambia mashine ilikosa, watanunua mashine ingine. Waambie ni muntu. Muntu anaweza kubadilika."

Kwenye mkutano nilivaa blauzi nyeupe na nikajuta, kwa sababu jasho lilionekana. Wakuu wa shule walijaa ukumbini. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne. Nilipoinuka nikasahau kurasa zote, nikasema tu: "Sifuri za Kasulo si za watoto. Ni zangu."

Tata Inspekta aliweka kalamu chini. "Fifi. Unasema palmarès yote ya miaka hii ilikuwa ya uongo?"

"Si yote, Tata Inspekta. Ni pale palipokuwa na mtoto asiyekuja."

Mtu nyuma akacheka. Nikaendelea. Nikaeleza kwamba kuanzia sasa nataka safu mbili kwa kila shule. Ya kwanza: waliofanya mtihani, walijua kiasi gani. Ya pili: walioanza darasa mwezi wa tisa, wangapi walifika kwenye mtihani. Na asiyefika apewe nukta, nukta iwe na jina. Kisha nikawaonyesha orodha ya mwaka ule katika safu mbili, ya pili nimeitoa kwenye orodha za mwezi wa tisa zilizokuwa kabatini. Shule ya Kasulo iliondoka kwenye nyekundu. Shule moja ya Kapata, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ya kwanza, ilikuwa imepoteza njiani watoto wengi kuliko Kasulo. Ilikuwa imewafuta mapema tu.

Mkuu wake alisimama. Ni yule wa vichwa vilivyo mu shimo.

"Madamu, mutoto mwenye alienda, alienda. Sasa unataka nifundishe kivuli?"

Kabla sijajibu, Mama Odile alikuwa amesimama tayari. "Kivuli haina jina, Directeur. Yangu saba iko na majina. Yako unayakumbuka?"

Yule mkuu akafungua mdomo. Akataja jina moja, la msichana. Akatafuta la pili, halikuja. Akaketi, na sikumwona akiwa na hasira. Alionekana kama mimi nilivyokuwa sakafuni mbele ya kabati. Tangu siku ile nimempenda kidogo.

Tata Inspekta aliagiza darasa la Kasulo lisifungwe, na safu mbili zitumike. Mimi nilipata barua ya onyo, ambamo jina langu liliandikwa vibaya. Sikuomba lisahihishwe. Kwangu hayo ni maendeleo makubwa.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini nje ya ukumbi Mama Odile alinishika mkono.

"Sasa unipe kartasi ya nukta. Tutaenda wote."

"Mi pia?"

"Ni weye uliwapoteza pa mashine, hapana?"

Tulizunguka Kasulo siku mbili kwa miguu, tukipita kati ya mashimo yaliyofunikwa maturubai. Wale mapacha walikuwa wamehamia mji mwingine, na jirani alituambia wanasoma kule. Mama Odile aliandika: wamehama. Mmoja hakuna aliyejua alikokwenda. Wanne walikuwepo. Nyumbani kwa Mwadi mama yake hakutukaribisha ndani.

"Leo banakuya na daftari. Kesho nani atakula daftari?"

"Haina mtu atakula daftari," Mama Odile akasema. "Saa ngapi munarudi kutoka ku mto?"

"Saa tatu. Ao na nusu."

"Basi aingie masomo saa tatu na nusu. Mi nitamungojea."

Mwadi, msichana mwembamba mwenye viganja vyeupe vya vumbi la mawe, alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto huyu hajui kitu. Nikamuuliza saba mara nane. Akanijibu huku akitazama pembeni, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto: "Makumi tano na sita. Mi napimaka mifuko, mama."

Njiani kurudi Mama Odile alisema anataka kufungua darasa la wanaochelewa, kuanzia saa tatu na nusu, lakini hana mwalimu. Hakunitazama aliposema. Mimi sijasomea ualimu, lakini nilikubali. Nilijifunza mtaala kama nilivyojifunza kompyuta, usiku na kwa hofu, na nilifanya mtihani wa kibali cha kufundisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliandika majibu marefu kupita kiasi.

Siku ya kuaga ofisi nilipita Kapata. Tata Kalonda alitia mkono kwenye mfuko wa shati akanipa kile kipande cha kifutio. Kimebaki kidogo kama jino. Alisema kitanitosha, maana kazi yake si kila siku.

Basi ninyi wawili: jumlisheni toka juu na toka chini. Orodha ikija safi sana, mwulizeni mkuu wa shule kwa nini. Mashine ikiwaandikia neno la kosa, msilifute upesi. Huenda ndilo neno pekee la kweli kwenye ukurasa. Na palmarès ikitoka, pelekeni nukta kwa miguu yenu.

Darasa langu lilianza Jumatatu. Nilikuwa nimechora rejista mara tatu, mistari ikakataa kunyooka, nikaiacha hivyo hivyo. Saa tatu na nusu niliita majina. Watoto kumi na tisa waliitika. Wawili hawakuitika: Mwadi na msichana mwingine nisiyemjua bado. Nikachukua kalamu ya risasi, nikatia nukta mbili, na moyo wangu wa zamani ukaniuliza kwa nini ukurasa wa kwanza kabisa unaanza na uchafu.

Tulikuwa kwenye hesabu ya pili ubaoni mlango uliposukumwa. Mwadi aliingia, miguu yenye maji ya mto mpaka magotini, daftari kavu kichwani.

"Nilichelewa, mama."

"Kaa," nikamwambia. "Saba mara nane?"

Darasa likacheka. Akajibu, akakaa. Nikatoa kifutio mfukoni, nikafuta nukta yake, nikapuliza vumbi. Ikabaki moja. Nimeuliza anakokaa yule msichana, ni nyuma ya kanisa, nyumba ya mlango wa bluu. Kesho nitapitia huko nikija.